Dohani ya Madebe

Tuliporuhusiwa kurudi kwenye shamba letu, karibu na Kanja, tulikuta jiko la mama mkwe bado limesimama, na jambo hilo lilitushangaza sote. Nyumba kubwa ilikuwa imeungua zamani. Ghala lilikuwa limebomolewa na kubebwa na watu tusiowajua, na migomba ilikuwa imejiotea ovyo mpaka ikaziba njia ya mtoni. Lakini jiko, kibanda cha mviringo cha udongo na nyasi, lilikuwa pale pale, paa limeinamia upande mmoja kama kofia ya mlevi. Kwa miaka mitano hakuna mtu aliyepika humo. Serikali ya wakoloni ilipotukusanya katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongoka, tuliambiwa kila mtu abebe anachoweza, na jiko halibebeki.

Mama mkwe alishika mwimo wa mlango, akachungulia ndani. Mafiga yake matatu yalikuwa yamekaa vile vile alivyoyaacha. Kuku asiyejulikana ni wa nani alikuwa ametaga mayai katikati yake, pale ambapo moto huwashwa.

"Hata kuku ameona hapa hapatapikwa tena," akasema. Kisha akaingia, akayaweka mayai kwenye kanga yake moja moja, akamfukuza kuku. "Amekosea."

Mimi ni Mmeru wa Imenti. Niliolewa Embu mwaka mmoja kabla Hali ya Hatari haijatangazwa, na baada ya hapo ikawa kama nimeolewa ng'ambo. Kutoka kwetu mpaka kwa mume wangu si safari ya kumtoa mtu jasho, ni kuvuka mito tu, mmoja baada ya mwingine, lakini bila barua ya ruhusa huvuki hata mmoja. Mama yangu mzazi alipata habari za kuzaliwa kwa watoto wangu wawili kupitia kwa dereva wa lori. Mama mkwe alinipenda kwa namna yake. Hakuniita kwa jina wala hakuniita mwanangu. Aliniita "Mmeru", na alipofurahi sana aliniita "Mmeru wangu".

Tulikuwa bado tunalala chini ya turubai, wiki ya pili tangu turudi, alipotangaza habari yake. Tulikuwa tunapalilia mimi na yeye, mume wangu akikata nyasi za kuezekea upande wa chini.

"Krismasi hii watu watakula kwangu," akasema bila kuinua kichwa.

"Watu gani, Mama?"

"Wako. Mwandikie mama yako aje. Sasa ruhusa wanaitoa bila maneno mengi. Na wangu pia."

Alisema "wangu" akaendelea kupalilia, nami nikaelewa. Alikuwa na watoto wawili wa kiume tu. Mmoja ni huyo mume wangu aliyekuwa bondeni na mundu. Mwingine, kifungua mimba wake, alikuwa kizuizini tangu mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, na tulikuwa tumesikia kwamba ameletwa kwenye kambi ya karibu, kwamba huenda akaachiliwa kabla ya mwisho wa mwaka.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo nyumbani kwetu halikuelezwa. Wakati shemeji alipochukuliwa, mume wangu alikuwa homugadi, yaani askari wa kijiji. Hakujipeleka. Chifu aliwapanga vijana mstari, akawapa mikuki, na aliyekataa alipandishwa lori lile lile waliopandishwa wengine. Mume wangu aliupokea mkuki. Miezi miwili baadaye jina la kaka yake likatajwa mbele ya wakubwa, na asubuhi moja wakaja kumchukua. Nani aliyelitaja? Hakuna aliyeuliza. Mama mkwe hakuuliza. Mimi, mke wake, sikuuliza. Na yeye, kwa kuwa hakuulizwa, hakupata nafasi ya kujibu. Miaka sita tulikula naye chakula tukimtazama mikono. Nasema hivi kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo niliposikia habari ya Krismasi, nilifurahi kwa ajili ya mama yangu, na hapo hapo nikamtazama mume wangu kule bondeni.

Tukaanza na jiko, kwa sababu huwezi kuita wageni ukawapikia chini ya turubai. Hatukuwa na kitu. Ilitubidi kutumia kile ambacho ardhi inatoa na kile ambacho watu wanatupa. Nyasi zilikuwepo. Udongo ulikuwepo. Fito tulizing'oa kwenye kibanda chetu cha kijijini, tukazibeba mgongoni vilima viwili. Paa la zamani tulilishusha lote. Nyasi zake zilikuwa nyeusi ti kwa masizi, na panya waliotoka humo walitosha kufungua kijiji chao.

Ugomvi ulianza tulipofika kwenye moshi.

Kule kijijini kulikuwa na darasa la akina mama, ambalo mke wa ofisa mmoja alikuja kutufundisha kushona, kuchemsha maji na kuosha watoto masikio. Wengi walienda kwa sababu waliohudhuria walipunguziwa kazi ya kuchimba. Mimi nami nilienda kwa sababu hiyo hiyo, lakini siku moja alituchorea ubaoni meko yaliyoinuliwa, ya udongo, yanayoegemea ukuta, yenye dohani ya kupeleka moshi nje. Nilitazama mchoro ule nikaona macho ya mama mkwe. Yalikuwa mekundu daima, yanatoka machozi asubuhi na jioni, na asiyemjua angedhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa amepika kwa moshi miaka arobaini.

Nilipomwambia, akaweka jembe chini.

"Unataka nipike nikiwa nimesimama kama askari?"

"Mama, ni kwa ajili ya macho yako."

"Macho yangu yameona yaliyoona, na hakuna hata moja lililoletwa na moshi. Moshi unakausha mahindi. Moshi unafukuza mchwa kwenye paa. Nani alikufundisha haya? Yule mwanamke wa masikio?"

"Ndiye."

"Basi mwambie aje apike yeye."

Mume wangu alikuwa ameketi kando akinoa panga. Hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya wanawake, lakini siku hiyo akasema taratibu, "Mama, jiko ni kubwa. Mafiga yako yabaki katikati, usiyaguse. Mmeru ajenge yake ukutani. Atakayewapikia watu vizuri zaidi ataonekana."

Mama mkwe alimtazama. Nilidhani atakasirika. Badala yake akacheka kupitia puani, akasema, "Haya. Tushindane."

Hivyo ndivyo jiko letu lilivyopata meko mawili. Yangu nilijenga kwa udongo wa kichuguu niliouponda na kuuchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, na mawe ya mtoni ndani yake. Kwa ajili ya dohani nilimwomba mwenye duka mmoja wa sokoni madebe matupu ya mafuta ya taa. Alikuwa nayo rundo nyuma ya duka, yameliwa na kutu, akanipa manne kwa mkungu mmoja wa ndizi na akaniona mjinga. Mume wangu akayatoboa chini na juu, akayaunganisha moja juu ya lingine. Dirisha tulilikata upande wa mashariki, na mlango wake ulikuwa ubao wa sanduku la majani ya chai, maandishi yangali yanasomeka. Kwenye kuta tukapaka udongo mweupe kutoka ukingo wa mto. Mama mkwe alisema kweupe hivyo atashindwa kusinzia, lakini niliona akipitisha kiganja ukutani pole pole, kama mtu anayemgusa ndama.

Kilichobaki ni uchaga, yaani ile dari ya fito juu ya moto ambapo kuni na mahindi hukaushwa. Fito zetu zilikuwa zimekwisha. Mume wangu akatoweka asubuhi moja, akarudi na mzigo mkubwa wa mianzi mifupi begani. Aliutua uwanjani, nasi tukaitambua mara moja. Ilikuwa ile iliyochongolewa kwenye handaki la kijiji. Handaki lilikuwa linafukiwa siku zile, na aliyetaka alijichukulia.

"Ni mikavu na ni ya bure," akasema.

Mama mkwe alikuja akasimama juu ya mzigo ule. Alikuwa mmoja wa waliochimba handaki lile. Wanawake ndio waliolichimba, kuanzia mapambazuko, na wanawake ndio walioichongoa ile mianzi na kuipanda chini, ncha juu. Alikuwa na kovu kiganjani la panga lililoteleza.

"Haitaingia," akasema.

"Mama, ni miti tu."

"Mimi nimeichonga, sitaitazama juu ya chungu changu." Akageuka kumtazama mwanawe. "Wewe ulikuwa unailinda. Kwako inaweza kuwa miti tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno lolote juu ya mambo yale. Mume wangu aliinamisha kichwa, akaanza kuufunga mzigo upya ili aurudishe. Hapo nikaona kwamba siwezi kukaa kimya, ingawa sikujua niseme nini, nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Basi tuichome. Tunahitaji kujaribu meko."

Mama mkwe akafikiri. "Kuichoma," akasema, kama anayeonja mchuzi. "Hilo naliweza."

Tukaibeba sisi wawili mpaka jikoni, tukajaza meko yangu. Moto ulishika vizuri sana. Tulichuchumaa tukiutazama, yeye akijifanya hapendezwi na jinsi moshi ulivyopanda kwenye madebe na kutoka nje. Kisha tukasikia: PAA!

Mlio wa bunduki, wazi kabisa. Sikukumbuka kuanguka, lakini nilijikuta nimelala kifudifudi sakafuni, na mama mkwe amelala kando yangu, mkono wake umenikandamiza kichwa. PAA! Tena. Nje tulisikia mume wangu akipiga kelele, na jirani yetu ng'ambo ya kijito akiwaita watoto waingie ndani. PAA! PAA! Na safari hii nikaona cheche zikiruka kutoka kwenye meko yangu, na kipande cha mwanzi kikipasuka na kuruka mpaka ukutani.

"Mama," nikasema, "ni mianzi. Hewa iliyo ndani ya pingili ndiyo inapasuka."

Akainua kichwa. Alikuwa na majivu kwenye kidevu. Tulitazamana, mwanzi mwingine ukalia, naye akashtuka tena ingawa sasa alijua, na kushtuka kule ndiko kulikotuvunja. Alicheka mpaka akashindwa kuinuka. Alicheka akipiga sakafu kwa kiganja. Mume wangu alipofika mlangoni, amebeba panga, ametokwa na jasho, akatukuta tumelala chini wote wawili tukilia kwa kicheko, akadhani tumerukwa na akili.

Iliyobaki tuliipasua kwanza ndipo tukaichoma. Ilitupikia wiki nzima, na uchaga ukabaki haujajengwa.

Kwa ajili ya Krismasi nilikuwa nimeamua kupika chapati. Siku hizo chapati haikuwa chakula cha mtu wa shambani. Nilifundishwa na mwanamke mmoja Mwislamu wa Majengo, pale Embu mjini, ambaye nilimfulia nguo kwa muda. Nilipomweleza shida yangu alinikopesha karai lake na kibao cha kusukumia, akaniambia, "Ukilileta limetoboka, nitakutoboa wewe." Njahi, yaani maharagwe meusi, zilikuwepo, ndizi zilikuwepo, viazi vikuu vilikuwepo, na kaka zake marehemu baba mkwe walikuwa wameahidi mbuzi.

Asubuhi ya Krismasi niliwasha meko yangu kwa madaha. Jirani wawili walikuwa wamekuja kusaidia kumenya ndizi, nami nilitaka waone. Waliona. Moshi ulipanda kwenye dohani, ukafika juu, ukageuka, ukarudi wote ndani. Upepo wa siku hiyo ulikuwa unatoka upande wa mlima, si upande uliokuwa ukivuma tulipojaribu. Kufumba na kufumbua hatukuonana. Wale jirani walitoka wakikohoa. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye mafiga yake akikoroga njahi, hakusogea hata kidogo.

"Naona umeniletea moshi mwingine," akasema kutoka ndani ya wingu. "Wangu ulikuwa unanitosha."

Nilitoka nje nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo mke hatakiwi kumwitia mumewe mbele ya watu. Akaja mbio, amevaa shati lake la Krismasi. Akadhani ni kiota cha ndege. Akapanda paani, akajilaza juu ya nyasi mpya, akaingiza mkono kwenye debe la juu mpaka begani, akawa anapapasa. Shati likawa jeusi kwa masizi. Miguu ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa paa.

Ndipo mtu alipotokea kwenye migomba.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa mwembamba, amevaa koti kubwa la khaki lisilokuwa lake, na kifurushi kidogo mkononi. Nilimtambua kwa mwendo, kwa sababu mume wangu anatembea hivyo hivyo, bega moja mbele. Hakutusalimia. Alisimama katikati ya uwanja, akaitazama ile miguu inayoning'inia. Jirani waliacha kukohoa. Nilitamani ardhi inimeze, au immeze yeye, sijui.

"Wewe uliyepanda huko juu," shemeji akasema. "Leo unamlinda nani?"

Miguu ilitulia. Mume wangu hakugeuka. Alijua sauti.

"Hakuna," mume wangu akasema, bado amelala kifudifudi, mkono ndani ya debe. "Natafuta moshi, kaka. Hautaki kutoka."

Shemeji alitazama dohani. Alitazama kilele cha paa. Kisha akaliweka kifurushi chini, akavua koti, akalikunja vizuri sana, mara mbili, akaliweka juu ya kifurushi.

"Hauwezi kutoka," akasema. "Hiyo dohani ni fupi kuliko paa. Upepo ukigonga kilele unausukuma moshi chini. Nani aliyejenga?"

"Mimi," nikasema.

Akanigeukia, na hapo ndipo aliponisalimia, kwa heshima zote. "Shemeji, umejenga vizuri. Kasoro ni urefu tu. Kule nilikokuwa, nimejenga meko ya askari mpaka nikachoka. Kuna madebe mengine?"

Hayakuwepo mengine ila mawili niliyokuwa nachotea maji. Niliyamwaga bila kufikiri.

Mama yake alikuwa amesikia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, macho mekundu yakitiririka, na safari hii sidhani ulikuwa moshi. Hakupiga kigelegele. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, mwiko ukiwa bado katikati ya vidole, akampaka njahi shavuni. "Umekonda," akasema. Halafu, "Umekula?" Halafu akarudi ndani, nami nikamfuata nikamketisha kwenye kigoda karibu na meko yangu yaliyozimwa.

Shemeji akapanda paani. Sisi tukabaki ndani, mimi nikikanda unga kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, yeye ameketi. Na kwa kuwa moto ulikuwa umezimwa, dohani ile ilituletea maneno yao yote kama vile wanazungumza nasi chumbani. Hawakujua. Wala sisi hatukupanga kusikiliza.

Mwanzo yalikuwa maneno ya kazi. Shika hapa. Zungusha. Leta waya. Kisha tukasikia nyasi zikivunjika, mmoja wao akijiweka sawa.

"Kaka," mume wangu akasema. "Siku ile."

"Shika debe."

"Nimeshika. Siku ile walipokuja..."

"Najua aliyenitaja," shemeji akasema. "Nilimwona. Walituweka naye uso kwa uso, amefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Nilimjua kwa vidole vya miguu. Si mtu wa nyumba hii."

Tukasikia waya ukikwaruza debe.

"Ulidhani nadhani ni wewe?" shemeji akaendelea.

"Kila mtu alidhani ni mimi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Hakuna aliyeniambia chochote, miaka sita."

Nilikuwa nimeacha kukanda. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anatazama mdomo mweusi wa meko. Juu kule shemeji alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya fundi, "Kaza huo waya. Ukilegea, upepo utaliangusha debe kichwani mwa mkeo."

Mama mkwe akainuka. Alitoka nje, akazunguka jiko, akasimama chini ya ile miguu minne. Nilimsikia akimwita mume wangu kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia na ambalo sitaliandika hapa.

"Nilipaswa kukuuliza," akamwambia. "Ni mimi mama yako. Nilipaswa kukuuliza nikasikia kutoka kinywani mwako. Niliogopa jibu."

Sikusikia mume wangu alisema nini. Nilijua tu kwamba masizi yalianza kudondoka kupitia dohani, vumbi laini jeusi, juu ya unga wangu mweupe, kwa sababu aliyekuwa juu alikuwa anatetemeka. Niliutoa unga ule uliochafuka kwa vidole, nikaendelea.

Mimi na mume wangu tulizungumza baadaye, siku nyingine, na hayo ni yetu.

Nilipowasha moto tena, moshi ulipanda, ukatoka, ukaenda zake. Niliingia na kutoka mara tatu kuhakikisha. Jirani wakarudi kwenye ndizi zao bila kuuliza, na kwa hilo niliwashukuru, ingawa najua kabla ya jua kutua ng'ambo yote ya kijito ilikuwa na habari.

Mama yangu alifika saa saba hivi, kwa lori la viazi, amekaa mbele na dereva kama mke wa chifu. Mume wangu, alipoona lori, alikimbilia kwenye migomba. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake hivi hivi, seuze akiwa mweusi kama chungu. Alirudi baada ya muda mrefu, ameoga kwenye kijito, amevaa lile koti la khaki la kaka yake, mikono imemzidi. Alimsalimu kwa mbali, akitazama kando kama inavyopasa.

Sikuwa nimemwona mama kwa miaka saba. Nilikuwa nimejiandalia maneno, na aliposhuka nikamkimbilia tu. Alinipapasa mabega, akawapapasa watoto wangu mmoja mmoja, kichwa, mgongo, miguu, kama anayenunua mbuzi, akaridhika.

"Mkwe wangu," mama mkwe akamwambia, "karibu. Pita jikoni uone kazi ya mwanao. Ameniwekea dirisha."

Mama aliinama akachungulia. Alitazama meko, dirisha la ubao wa sanduku, kuta nyeupe. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingojea tangu nianze kujenga, kwa sababu namjua mama yangu.

"Na mahindi mtakaushia wapi?"

"Nilimwambia!" mama mkwe akapaza sauti. "Nilimwambia!" Wakashikana mikono, na tangu hapo hadi walipokufa walikuwa marafiki.

Tulikula nje, kwenye mikeka na majani ya migomba. Chapati zilitosha kila mtu moja na nusu, na watoto walizishika kwa mikono miwili wakizilamba kabla ya kuzing'ata. Njahi za mama mkwe ziliisha kabla ya chakula changu chochote, na alihakikisha kila mtu ameliona hilo. Shemeji alikula kidogo. Alikuwa na tabia ya kuuweka mkono mmoja kuzunguka sahani, na mama yake alipoiona alijisogeza akakaa upande ule, akamkinga na macho ya watu. Baada ya muda mkono ule ulilegea. Wazee waliuliza maswali ya kambini na yeye akajibu machache, na walipouliza mengine akawauliza juu ya mipaka ya mashamba yaliyopimwa, nao wakasahau.

Jua likashuka nyuma ya mlima. Kwa miaka mitano, saa hiyo kila mmoja wetu alikuwa akiinuka, anakusanya watoto, anahesabu vichwa, anakimbilia ndani kabla ya filimbi ya kukataza watu kutoka nje. Niliona mikono ya wanawake ikianza kushika vikapu kwa mazoea, kisha ikaviachia. Mtu akaomba chai. Nikaenda kuipika.

Shemeji alikaa nasi miezi mitatu, kisha akajenga kwake, upande wa juu wa shamba. Alioa mwaka uliofuata. Majirani walianza kumwita awajengee dohani, na ile ikawa kazi yake kwa muda, yeye na mume wangu pamoja, mmoja juu ya paa na mwingine chini akimpa madebe. Karai nililirudisha Majengo likiwa zima. Mama yangu alikaa wiki mbili na aliporudi Meru alijenga meko ya ukutani, ingawa aliwaambia watu ni wazo lake.

Na mama mkwe? Aliendelea kupika kwenye mafiga yake. Sikumsumbua tena. Lakini siku za mvua, kuni zikiwa mbichi, nilikuwa nikirudi kutoka shambani na kumkuta amesimama mbele ya meko yangu, wima kama askari, anakoroga uji, anajifanya hajanisikia nikiingia.